Puti Kwenye Pangaboi

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mafua yamekwisha. Goti lako je?

Nina habari ya kukurusha kitini. Karakana yetu ya makumbusho imeletewa pangaboi la ndege ya kutua majini, na namba yake ni ile ile ya ndege uliyokuwa ukiitengeneza, uliyotukaririsha utotoni! Lilikuwa hoi, kingo za mabapa yote matatu zimelika. Nimelipiga puti na msasa wiki tatu, sasa linang'aa kama jipya. Tazama picha. Mwezi wa tano linatundikwa ukumbini. Unasemaje, fundi?

Mwanao

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yangu ya Machi hujaijibu. Jirani anasema u mzima na unabishana na redio kama kawaida yako. Basi nimekosa nini?

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi nanyamaza, tumegawana kazi.

Nilikununia, na utu uzima wote huu. Kingo zile hazikulika. Kila ndege iliporuka, maji yaliyachimba mabapa vishimo, nami nikavipiga tupa mpaka vikawa laini. Ukipunguza bapa moja, lazima upunguze na wenzake vile vile, la sivyo injini hutetemeka mpaka ing'oke. Miaka tisa nilifanya hivyo, na hakuna abiria aliyewahi kuniona. Kazi yangu yote iko kwenye kingo zile, nawe umeizika kwa puti. Najua hukujua. Lakini imeniuma, sikufichi.

Baba yako

15 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe sana.

Nilidhani maji yameshamwagika, hayazoleki. Kumbe puti hutoka, ukiwa na kijiti na subira. Mkuu wangu kafoka, maana uzinduzi umeahirishwa kwa ajili yangu. Nikamwambia afoke tu, ile ni mikono ya baba yangu.

Mikwaruzo ya tupa yote imeinamia kushoto. Karakana nzima mashoto ni mimi peke yangu, nawe ndiye uliyenirithisha. Ningeitazama vizuri ningekujua tangu siku ya kwanza. Nimeweka kiganja pale ulipoweka chako, nikalia mpaka seremala wetu wa karakana akaniletea chai.

Njoo, Baba. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakusubiri kituo cha basi.

Mwanao mashoto

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na yamekwisha. Ijumaa hiyo nafika. Mwambie mkuu wako mzee anakuja kutazama tu, hatagusa kitu. Wewe usicheke mbele yake.

Baba yako