Maneno Matatu Niliyoyaruka

Izigo, Jumapili, tarehe 4 Novemba 1956

Kwa kaka yangu mpendwa Karugendo,

Pokea salamu zangu, nazo zikukute umeketi kwenye cherehani yako, mguu wako hauumi na wateja hawakusumbui. Mimi dada yako ni mzima wa mwili. Mume wangu, Mwalimu Mutembei, ni mzima pia na anakusalimu. Mtoto wetu Kemilembe ameota meno mawili ya chini, lakini tangu juzi ana homa, na hiyo ndiyo sababu moja ya kukuandikia badala ya kuja leo mwenyewe. Wifi yangu hajambo? Lile jino lake limepoa? Mwambie namkumbuka sana.

Kaka, kabla sijaenda mbali nina ombi. Barua hii anakuletea Mwalimu Mushumbusi, anayekuja Bukoba kwa baiskeli. Ukishaisoma yote, kesho asubuhi funga kazi uende nyumbani Rubafu. Mwambie Baba asikamue zile ndizi alizovundika kwa ajili ya pombe ya rubisi. Mwambie Mama asije bandarini Alhamisi kupokea meli. Usimwache aje waitu, tafadhali, hata akilia, hata akikukasirikia. Sababu nitaiandika, ila niache niifikie polepole, maana nikiikimbilia nitaanguka njiani.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Rubafu kumpeleka Kemilembe kwa babu na bibi yake. Mama alikuwa ametandika nyasi mpya nyumba nzima, ametoa kahawa ya kutafuna, na majirani wamejaa mpaka mlangoni. Baba alimpakata mtoto, akasema paji hili la uso ni la Projestus mtupu, huyu naye atasoma mpaka vitabu vimwombe radhi. Hayo maneno hayajapoa, ikaletwa barua kutoka kile chuo cha ualimu ng'ambo ya ziwa. Jina la Baba lilipigwa juu yake kwa mashine. Baba alisimama kuipokea utafikiri amepokea mgeni.

Wewe unajua tulivyokuwa tukiingoja. Mdogo wetu alikuwa anamaliza ualimu, na Baba amesema mara ngapi kwamba siku Projestus atakapofaulu, hata migomba itajua. Basi barua ilikuwa ya Kiingereza. Bwana Gamaliel, yule karani wa ghala la kahawa, alikuwapo, akanyoosha mkono akisema aione yeye kwanza, kwa kuwa Kiingereza cha barua si Kiingereza cha darasani. Baba alikataa. Alimwuliza kwani binti yangu hana macho, au mnadhani darasa la sita alikaa akisuka mikeka? Watu wakacheka, na mimi nikapewa barua.

Niliisoma kwa sauti yote, kisha nikawaeleza. Nilisema mkuu wa chuo anamsalimu Baba. Anamjulisha kwamba mwanawe Projestus amefaulu siku ya Jumanne na ameondoka chuoni. Jumatano alipewa mapumziko. Mabibi walimu wa Kizungu wote wako pamoja naye. Vitu vyake vitafuata kwa meli.

Mama alipiga vigelegele mpaka Kemilembe akaanza kulia. Baba alivua kofia akaivaa tena, akaivua tena. Ta Ndyamukama, mzee mwenye kibanja cha migomba cha chini, alimtania, akasema sasa utaanza kutuamkia kwa Kiingereza, na sisi tutakujibu kwa kukimbia. Mama akaniuliza kama barua imesema Projestus amekonda au amenenepa. Nikamjibu kwamba mtu aliye mapumzikoni hakondi. Kaka, nilimjibu hivyo kwa mdomo wangu huu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Uliniandikia kwamba Alhamisi mbili mfululizo Mama amelala kwako, na asubuhi akaenda bandarini na kikapu cha senene aliowakaanga mwenyewe, akasimama mpaka abiria wa mwisho akashuka, kisha akarudi akisema bila shaka ni meli ijayo. Uliandika kwamba Baba ameshawaalika watu kwa sherehe ya Jumapili ijayo, na kwamba barua ile anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, kila anayekutana naye anaonyeshwa muhuri. Nilicheka niliposoma. Nilimsomea hata mume wangu.

Sasa sikiliza habari za jana.

Wanafunzi wa darasa la nane wana mtihani wao keshokutwa Jumanne. Kila Jumamosi huja hapa kwetu, na Mwalimu huegemeza ubao kwenye ukuta wa nyuma, wakarudia Kiingereza tangu mwanzo. Mimi huwa karibu namenya ndizi, mtoto mgongoni. Mikono yangu inapika lakini masikio yangu yako darasani. Nimejifunza mengi hivyo, na mume wangu anajua, hunitazama kwa pembe ya jicho nikikosea kumenya kwa sababu ya kusikiliza.

Jana walianza na alama. Mwalimu aliuliza mkato ni nini, mmoja akasema ni mahali pa kumeza mate. Akauliza nukta je? Kuna kijana mmoja wa mzaha, jina lake Yoeli, akasema nukta ni mama mkwe, ukimwona unasimama papo hapo hata kama ulikuwa na mengi ya kusema. Mwalimu mwenyewe alicheka. Alama ya kuuliza Yoeli akasema ni sikio la mtu mbea. Halafu wakaingia kwenye maneno ya mafumbo, jinsi Kiingereza kinavyofananisha kitu na kitu, jinsi kinavyoupa upepo miguu na jua macho. Nilikuwa nafurahi, Kaka. Nilijiambia hata sisi Wahaya tunayo haya, tofauti ni kwamba hatukuyapa majina.

Kisha Mwalimu akasema yako maneno ya kufunika. Jambo likiwa kali, mtu mwenye adabu hulifunika kwa neno laini, kama unavyofunika kidonda kwa jani. Aliwauliza kwetu mfalme akifa watu husemaje. Wakajibu kwa pamoja kwamba hakuna anayesema amekufa, hutafutwa maneno mengine. Akasema vizuri, na Wazungu vilevile, tena wao hawafanyi hivyo kwa mfalme peke yake, hufanya kwa kila mtu. Akageuka kwenye ubao akaandika maneno yao. La kwanza aliandika "passed away". La pili aliandika "laid to rest".

Kisu kilisimama ndani ya ndizi.

Akaeleza la kwanza kuwa ni kufa. Akasema angalieni msije mkadhani mtu huyo amefaulu mtihani, hilo ni kosa la watoto wa darasa la sita. Wakacheka. La pili akasema ni kuzikwa. Kisha akaandika sentensi ya tatu, kwamba sote tuta-"miss" fulani, na Yoeli akauliza kama huyo Miss ni yule bibi mwalimu wa misheni. Hapo hata waliokuwa wanasinzia walicheka. Mwalimu akasema Miss wa kuitwa bibi huanza kwa herufi kubwa, hii imeanza kwa ndogo, na maana yake ni kumkosa mtu moyoni. Akawaambia washike hivi: herufi kubwa ni bibi, herufi ndogo ni uchungu.

Kaka, ile barua niliinakili nilipokuwa Rubafu, nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, nije nimwonyeshe mume wangu kwamba nami nimesoma barua ya Kiingereza mbele za watu. Nilipofika nikaona haya kwa mwandiko wangu, nikamweleza kwa mdomo tu, kwamba Projestus amefaulu. Alifurahi, hakuuliza zaidi. Jana niliingia ndani nikaitoa kadi chini ya nguo za mtoto. Niliiangalia herufi moja tu. Ilikuwa ndogo.

Nilitoka nayo, mikono ina utomvu wa ndizi, nikampa Mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Aliisoma mara moja. Akaweka chaki chini, akawaambia waende nyumbani. Yoeli alifungua mdomo aseme neno, akautazama uso wa mwalimu wake, akaokota daftari lake. Walipoondoka nilimwuliza mume wangu ni yale? Akasema ndiyo, ni yale.

Kaka, Projestus amekufa.

Usiku mume wangu alinishauri niandike kwamba hatunaye tena, au kwamba Mungu amemchukua, nisikupige moyo kwa neno tupu. Nilimwambia hapana. Neno laini ndilo lililotufikisha hapa. Alikufa Jumanne, tarehe 25 Septemba, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na barua haisemi aliugua nini. Alizikwa Jumatano, na watu wasiomjua mama yake, katika udongo usio wa kibanja chetu. Siku Mama alipopiga vigelegele, Projestus alikuwa kaburini karibu wiki tatu. Kinachokuja kwa meli ni sanduku lake la nguo na vitabu. Mama akienda Alhamisi na kikapu chake, ndicho atakachokabidhiwa, na atakayemkabidhi ni mpagazi wa bandari. Ndiyo sababu nakuomba umzuie.

Sasa lipo jingine, na hili hata mume wangu sijamwambia. Hapo juu nimeandika kwamba Baba alimkatalia Bwana Gamaliel. Nimekudanganya, na sitaki kuichana karatasi, nataka uuone uongo wangu ulivyokaa. Baba alitania tu juu ya mikeka. Watu walipomaliza kucheka, nami nikaanza kusoma, yalinikuta maneno matatu nisiyoyajua. La kwanza lilikuwa mwanzoni kabisa, "regret". Niliona mwisho wake unafanana na "greet", neno la kusalimu, umepungukiwa herufi moja tu, nikaliruka kwa kulifanya salamu. Jana nimeambiwa maana yake ni kusikitika. Mawili mengine, lile la ugonjwa na lile la kulazwa kaburini, niliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Bwana Gamaliel alinisikia nikiyaruka. Aliniangalia, hakunicheka, akasema kwa upole, mwanangu hebu lete tuisome wawili. Baba akasema sawa, mpe.

Nami sikumpa. Niliikunja barua, nikaishika kifuani pamoja na mtoto, nikasema nimeshamaliza, hakuna kilichobaki. Nilisema hivyo kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, na Baba alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akimtazama Projestus siku zote. Hakuwahi kunitazama hivyo tangu nizaliwe, Kaka. Nilitaka iendelee kidogo. Ndiyo hiyo kidogo imewafanya wazazi wetu washerehekee kifo cha mtoto wao kwa wiki tatu, na Mama asimame bandarini mara mbili.

Sikuombi unifiche. Nakuomba jambo moja. Ukifika Rubafu zuia rubisi, zuia safari ya bandarini, kaa nao, lakini habari yenyewe niachie mimi. Baba akikuuliza sababu, mwambie Adventina anakuja na ameona amekosea kuisoma barua. Mwache aanze kuogopa, ataanza kuelewa. Mtihani ukiisha Jumanne, Mwalimu ataomba ruhusa, na Jumatano tutapanda basi la asubuhi sote watatu, homa ya mtoto ikikubali, na hata isipokubali. Tutateremka Bukoba na kuunganisha mpaka Rubafu jioni hiyohiyo. Alhamisi wewe na shemeji yako mtakwenda bandarini kulichukua sanduku.

Nitamwomba Baba aitoe barua mfukoni. Nitamwomba Bwana Gamaliel aje aketi karibu yangu. Nitaisoma upya, neno kwa neno, pale pale niliposimama, mbele ya watu wale wale. Kila neno nisilolijua nitasema silijui, na nitangoja niambiwe.

Huenda Baba asinitazame tena hivyo maishani. Lakini nina tumaini, sijui nalitoa wapi. Mume wangu amesema kuanzia wiki hii nitakaa na daftari kila baada ya chakula cha jioni, nianze upya na herufi kubwa na ndogo. Nimekubali. Kemilembe akikua aniulize neno, nisimpe la kubuni. Naamini pia Mama, akishalia, atanipakatia mtoto.

Msalimu wifi, umweleze yeye taratibu kwa sababu ya mimba yake. Wasalimu wateja wako wanaoniulizia. Huku walimu wote wanakupa pole, na wanafunzi wamekuja leo baada ya misa, Yoeli mbele, wakakaa nyasini nyuma ya nyumba bila kusema mzaha wowote. Wamenimenyea ndizi.

Pole, Kaka. Pole sana. Usipande baiskeli ukiwa unalia, njia ya Rubafu ina mawe.

Ni mimi mdogo wako,
aliyesoma vibaya,

Adventina