Mshale wa Joto Usioinuka

Kariakoo,
Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na Mama, nikianza na goti lako la kushoto, ambalo Mama aliniambia limeanza tena kukusumbua kwa baridi ya huko Songea. Je, bado unakwenda shambani kwa miguu, au umekubali kupumzika? Na macho ya Mama yanaendeleaje? Sisi huku ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa makusudi, kwa sababu akili yangu imekuwa na msukosuko ambao sijaupatia jina.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu unanisikia nusu, na nusu inayobaki unaijaza mwenyewe. Tena jambo hili nililiharibu kwa simu. Nilikuambia kwamba mdogo wangu Gervas anaiba mafuta ya gari ulilotupatia. Ukanijibu, "Basi mwambie gari asiliguse tena." Nakuomba usomewe barua hii mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote neno jingine juu ya Gervas. Ninaamini sasa kwamba nilikosea, ingawa bado sijaelewa vizuri kosa lenyewe lilianzia wapi.

Unakumbuka jinsi ulivyokuwa ukijivunia gari lile, kwamba linanusa mafuta tu, halinywi. Lilipofika Dar es Salaam likaanza kunywa. Mwanzoni niliilaumu foleni. Hata hivyo, gari la jirani yetu wa chini, la umri uleule na injini ya ukubwa uleule, hukaa katika foleni zilezile na halitumii kiasi hicho. Nikaona kwamba foleni peke yake haitoshi kuwa jibu, nikalipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani.

Baba, Gerezani hakuna uhaba wa majibu. Kabla sijazima injini, mmoja alikuwa ameshainua boneti.

"Dokta, plagi hizi zimechoka."

"Plagi wapi!" akadakia mwenzake. "Sikiliza linavyotoa sauti. Nozeli hizo za kupulizia mafuta. Zisafishwe."

"Nyie mnamdanganya mzee wa watu. Tairi hazina upepo, breki zinashika. Gari linavutwa nyuma kama punda, lisile mafuta?"

Niliwauliza ni kitu gani kingewafanya waamini kwamba wamekosea. Wakacheka, na yule wa plagi akasema, "Dokta, hapa si chuoni. Hapa tunabadilisha, tunaona."

Basi tukabadilisha, tukaona. Plagi mpya, nozeli zikasafishwa, tairi zikajazwa upepo, breki zikalegezwa. Kila kitu kilisaidia kidogo, au nilidhani kimesaidia, na gari likaendelea kunywa.

Ndipo nilipofanya kile ninachowafundisha wanafunzi wangu wa mantiki. Siku za kazi Gervas hulitumia kwenda dukani kwake Buguruni. Mimi huondoka mapema na basi la mwendokasi. Jumamosi na Jumapili gari ni langu. Nikaweka utaratibu kwamba kila anayekabidhi ufunguo ajaze tangi kwanza, ili nilinganishe lita na umbali. Siku zangu matumizi yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya Songea. Siku zake yalikuwa makubwa mno. Gari ni moja, injini ni moja, barabara zinafanana, kinachobadilika ni dereva peke yake. Nilihitimisha kwamba mafuta yanafyonzwa na kuuzwa.

Nilimuuliza tukiwa mezani. Aliweka tonge chini.

"Kaka, unaniuliza, au umeshajijibu?"

Nikamwambia kwamba vipimo vimejibu. Alinawa mikono, akafunga begi lake, akautundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni. Tangu siku hiyo amepanga chumba Buguruni.

Kilichofuata sikukitafuta. Ghorofa ya kwanza, juu kidogo ya mahali tunapoegesha, anaishi Mama Jignesh, mama wa Kihindu ambaye familia yake inauza vyombo vya jikoni mtaa wa pili. Tulikutana ngazini.

"Dokta, siku hizi nashukuru kabisa. Moshi hakuna."

"Moshi upi, Mama Jignesh?"

"Wa gari yenu! Mdogo wako anawasha asubuhi, anakaa ndani, anangoja. Mimi nasali, moshi. Nakaanga, moshi. Namwambia, wee kijana, nenda basi! Yeye ananicheka, anasema, bado mama, haijapanda."

"Haijapanda nini?"

"Mimi nitajua? Gari yangu hiyo?"

Nilisimama ngazini, Baba, nikakusikia wewe. Ulitufundisha wote wawili kuendesha gari hilohilo, na kila asubuhi ulituambia tusiliondoe mpaka mshale wa joto uinuke. Mimi niliiacha kanuni hiyo zamani, nikijua kwamba nchi ya joto kama hii haiihitaji. Gervas hakuiacha.

Kesho yake niliwasha gari, nikakaa, nikautazama mshale. Haukuinuka. Niliendelea kungoja hata dirisha la Mama Jignesh likafunguliwa. "Ah! Na wewe umeanza?" Mshale ulikuwa bado umelala chini.

Nililirudisha Gerezani kwa yule fundi wa plagi, anaitwa Chande, nikamwomba afungue mahali pa thamostati, kile kidude kinachozuia maji baridi ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto. Alifungua, akachungulia, akanitazama kwa furaha.

"Haimo! Safi sana. Aliyekutolea anajua kazi."

"Safi kivipi?"

"Dokta, Bongo hii unaitaka ya nini? Sisi wenyewe tunazitoa, gari lisichemke."

Nilimweleza kwamba injini isiyopata joto hujiongezea mafuta muda wote, ikidhani imeamka sasa hivi. Hakuridhika, lakini aliifunga mpya. "Likikuchemkia kwenye foleni usije hapa kunililia," akasema.

Sasa sikiliza kinachonichanganya. Songea mshale ulikuwa ukiinuka. Niliuona kwa macho yangu likizo iliyopita. Kwa hiyo kidude kilitolewa baadaye, kabla gari halijatufikia. Nakumbuka siku ya kutukabidhi ulisema, "Nimeshalitayarisha kwa joto la Dar." Nilidhani unazungumzia maji na feni. Je, ni wewe uliyemwambia fundi wako akitoe, ili tusichemkiwe njiani? Siulizi ili kukulaumu. Kama ndivyo, ulikitoa kwa kutuhurumia, na ile kanuni ulitupatia kwa kutuhurumia pia, lakini viwili hivyo haviwezi kukaa katika gari moja. Aliyekutii alingoja hadi saa ya duka mshale ambao usingeinuka, mafuta yakiungua bure gari limesimama, na nikamwita mwizi. Mimi niliyekupuuza nikaonekana mwaminifu. Vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi, Baba. Hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea.

Nilikwenda Buguruni. Gervas alikuwa anafungua duka. Nilimweleza yote kwa mpangilio, naye akaendelea kutundika nyaya zake za umeme ukutani.

"Kwa nini hukusema kwamba unangoja mshale?" nikamuuliza.

"Niseme ili iweje? Kaka, ungeniita mwizi wa maji, ningekumbuka kukwambia kwamba asubuhi nanawa uso? Nilijua wote tunangoja."

"Mimi singoji."

Aligeuka, akanitazama kana kwamba sasa yeye ndiye aliyegundua wizi. "Tangu lini?"

Nilimwomba arudi nyumbani, nikamnyooshea ufunguo.

"Wewe nimekuelewa," akasema. "Lakini ufunguo sichukui. Aliyesema nisiliguse ni Baba."

Ndiyo sababu ya barua hii. Neno langu nimeshalifuta, lakini lako limebaki, na yeye analishika kama anavyoyashika maneno yako yote. Nakuomba umpigie wewe mwenyewe, umwambie kwamba hakuiba, na kwamba gari ni lake kama lilivyo langu. Pili, nijibu kuhusu kile kidude. Nimekirudisha bila idhini yako. Ukisema kitoke, kitatoka. Ninaamini gari limepona, lakini siwezi kuthibitisha. Tangu litengenezwe nimeliendesha peke yangu, na kipimo cha kweli kinamhitaji Gervas.

Mfikishie Mama salamu zangu, na umwambie asiendelee kumlilia Gervas, alie kwa ajili yangu kama ni lazima alie. Nisalimie Dada mkubwa na shemeji, na Shangazi anayekuja kukusomea barua zako. Namwomba hii asiikatishe katikati. Msalimie na fundi wako, usimgombeze.

Mimi mwanao mkubwa, ninayengoja sauti yako,

Benedikto

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nikaifungua. Leo asubuhi nililiwasha gari, nikakaa ndani na kungoja, ingawa ninajua hakuna haja. Mshale uliinuka kabla Mama Jignesh hajafungua dirisha. Kisha, kwa kuwa siku za kazi gari ni la Gervas, nikalizima, nikaurudisha ufunguo msumarini, nikaenda kazini kwa mwendokasi.