Nukta Imeishia Mahurunga

Jumapili, jioni. Joto linanata. Mkono wa kulia umefungwa bandeji ngumu, naandika kwa kidole kimoja cha kushoto, nina hasira na kila kitu.

Asubuhi binamu yangu Shaibu, dereva bodaboda, alibeba abiria wawili. Njiani wakamkata panga begani na kuondoka na pikipiki. Alifika kwangu Mtawanya shati limelowa damu, wenzake nyuma yake, kila mmoja na mpini au chuma.

Walinifuata kwa sababu ya redio. Ni redio ya ridhaa, ya kurusha mawimbi kwa kujifurahisha tu, leseni ninayo, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kuunguza vitu. Chini ya siti ya Shaibu nilificha kifaa kidogo, kila baada ya muda kinatamka hewani kipo wapi. Antena yangu ya juu ya bati inakisikia, kompyuta inapandisha mtandaoni, na kwenye ramani inatokea nukta nyekundu.

"Iko wapi?" Shaibu akauliza.

Nikawageuzia skrini. Nilikuwa na raha, sifichi. "Imeishia Mahurunga. Nyumba hii ya pembeni."

Imeishia.

Maana yake, hapo ndipo antena yangu iliisikia mara ya mwisho. Mbele ya hapo bonde linashuka kwenda mtoni, mpakani na Msumbiji, na mawimbi hayanifikii. Wao walielewa ipo hapo. Na mimi, kwa sifa, sikukumbuka kuwaeleza.

Nikapanda pikipiki ya mwisho, redio ya mkononi kiunoni.

Mwenye nyumba anaitwa mzee Amisse. Wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji, yeye kazaliwa hapo hapo. Alikuwa anamenya muhogo. Hawakumsalimia. Mpini wa kwanza ulimpata mdomoni.

"Mtu wa ng'ambo huyu, ndio wanaovusha pikipiki zetu," mmoja akasema, na wote wakamrukia. Mbavu zikivunjika zinalia kama kuni kavu. Sikuwa najua.

Nikawasha redio. "Subirini. Kama ipo hapa, hii itapiga kelele ya kupasua masikio."

Wakasubiri. Mzee alikuwa anatema meno. Kisha redio ikalia, kwa mbali, kama mdudu ndani ya kopo. Kwangu huo ulikuwa ushahidi: pikipiki iko mbali, huko chini mtoni.

"Si hiyo imelia?" Shaibu akasema, akainua tofali.

Nikamlalia mzee. Mpini uliokuwa unakuja kichwani kwake ulitua kwenye mkono wangu, nikasikia mfupa ukiachia.

"Fundi, toka hapo. Tutakuunganisha na wewe." Shaibu huyo. Tumekula sahani moja toka utotoni.

Kwa mkono mmoja nikaifungua antena ya redio, nikaitupa. "Sasa haisikii cha mbali. Pikipiki ikiwa uani hapa, bado italia. Sikilizeni."

Redio kimya.

Kimya kikaendelea mpaka mmoja akaingia kutafuta uvunguni, mwingine bandani kwa mbuzi. Hakuna kitu. Wakawasha pikipiki zao, wakaondoka bila hata kumtazama mzee. Pikipiki ya Shaibu waliikuta Kitaya, kando ya mto, imelazwa kwenye matete, inasubiri kuvushwa.

Saa hizi wananitumia meseji za sauti, wanacheka. Naitwa Fundi Nukta. Wanataka kila pikipiki ya kijiweni ifungwe kifaa.

Mzee Amisse yuko wodini, hajafumbua macho.

Mkewe alinikuta kwenye korido ya hospitali nikisubiri kufungwa mkono. Akaniona nimeumia, akadhani mimi ni mtu mwema niliyekuwa napita. Akanipa chupa yake ya maji. Halafu akaniuliza polepole, "Mwanangu, hivi nani aliwaambia ni kwetu?"

Nikamwambia sijui, mama.

Maji yake nikayanywa.

Kukicha narudi wodini kumjibu. Nikitoka hapo naenda kituo cha polisi, na jina la Shaibu nitalitaja baada ya langu.