Tuliuliza Damu, Hatukuuliza Ziwa

Bi Dalal mpendwa,

Nisaidie, maana nyumbani kwetu kila wa kuulizwa naye ameduwaa. Mimi na mume wangu Badar hatukujaaliwa kuzaa, na miaka ishirini na mbili iliyopita tulikwenda kwenye nyumba moja ya kulelea watoto hapa mjini tukapewa mtoto wa kike wa miezi minane, Asila, jina tulilomkuta nalo na hatukulibadilisha, tukamlea na tukamwambia mapema kwamba hatukumzaa, kwa hiyo hilo si siri. Siku ya kumchukua nilikwenda na maswali yangu nimeyapanga, nikauliza wazazi ni nani, nikauliza maradhi, nikauliza kabila, na msimamizi akajibu kwamba mtoto aliokotwa na mengine ni mambo ya ofisi, tumlee tu, nasi tukaridhika.

Sasa Asila amechumbiwa na Sabri, kijana mpole wa Fumba, wamependana wenyewe, na nikah imepangwa baada ya Idi Kubwa. Wanaume walishamaliza mambo ya posa, na Jumapili tarehe 4 Mei mama yake Sabri, Bi Mwanakheir, akaja kwangu kwa mara ya kwanza tupange mambo ya wanawake, tukacheka, akanitania kwamba mwanawe anakula sana nitajuta kumkaribisha, halafu akauliza, kwa wema tu, binti tulimpata wapi, nami nikamtajia ile nyumba na mwaka. Akaweka kikombe chini. Akauliza kama jina la Asila tulimpa sisi. Nikasema hapana, tulimkuta nalo.

"Nilimpa mimi," akasema. "Nilikuwa mlezi pale. Kalikuwa kanakataa chupa, mwenzangu, na Sabri wangu alikuwa bado ananyonya. Nikawagawia wote wawili. Mwezi mzima, na zaidi."

Niliyasikia maneno lakini hayakuingia. Mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu anakwenda kuolewa na ndugu yake wa ziwa, na mimi ndiye niliyewapokea wakwe kwa halua na ubani. Bi Mwanakheir akaanza kulia na mimi sikuweza hata kumpa kitambaa.

Ingeishia hapo ningejua la kufanya. Lakini siku ya pili akanipigia simu kwa sauti nyengine, akasema amefikiri vizuri, pengine alimnyonyesha mara mbili tatu tu, hazikufika zile tano zinazoharamisha ndoa, na tena kulikuwa na mlezi mwengine naye akinyonyesha watoto, jina amelisahau, basi huenda amechanganya. Mume wangu anasema tuvunje uchumba kwa kisingizio chochote, tuseme kijana ana tabia mbaya, ili Asila asijue. Nilirudi kwenye ile nyumba kuuliza, nikaambiwa habari za mtoto hapewi mtu anayekuja mlangoni tu. Asila yuko chumbani anachagua kitambaa cha nguo ya harusi. Nimwambie, au nimeze?

Mama Asila, Malindi

*

Mama Asila,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili. (Majina yenu nimeyabadilisha.)

Tumalize kwanza hilo la simu. Mtu hasahau kwa usiku mmoja. Jumapili Bi Mwanakheir alikuwa anakumbuka. Jumatatu alikuwa anahesabu. Namhurumia, maana alimpa uhai mtoto wa watu na leo wema ule unamvunjia mwanawe harusi, lakini hesabu hiyo si yake kuifanya peke yake, wala si yako. Mchukue mwende kwa kadhi, aseme yote kama alivyoyasema mara ya kwanza, na wewe useme ulichokisikia. Mpaka kadhi atoe neno, hakuna nikah, hakuna kadi, hakuna fundi cherahani.

Mumeo mwambie nimekasirika. Kumpaka matope kijana asiye na kosa ni dhulma, na tena haitasaidia. Wapenzi walionyimwa sababu ya kweli hutafuta njia ya kuoana kwa siri, na hapo mtalia kilio kikubwa zaidi.

Wewe nawe. Ulipanga maswali yako yote na hukuuliza nani alimnyonyesha, katika mji ambao kila bibi huuliza hilo kabla chai haijapoa. Lakini waliojua walikuwa wao wa ile nyumba, na walipaswa kukuambia bila kuulizwa. Mzazi wa kulea si jirani anayechungulia dirishani. Habari za maradhi ya mtoto na za ziwa alilonyonya anazihitaji kama mtoto anavyohitaji uji.

Kwa hiyo rudi, lakini usirudi peke yako. Asila ni mtu mzima na habari ni zake. Andikeni maombi, atie saini yeye, mpitie ustawi wa jamii, na muulize waziwazi: walezi gani walinyonyesha watoto wakati ule? Yule wa pili asiye na jina naye ana watoto, na ipo siku Asila atachumbiwa tena.

Mwambie leo, kabla hajakata kitambaa. Mwambie wewe, usimtume shangazi. Usimwambie kwamba ni kheri, wala kwamba atapata mwengine. Atakuchukia kidogo, kaa hapohapo. Iko siku ataona kwamba yule mtoto aliyeokotwa bila jamaa alikuwa na mama aliyemnyonyesha, na kaka. Hilo usilitaje. Mwachie alifikie mwenyewe.