Pumzi ya Torunn Iliyobaki Maabara

Mwaka umetimia, Torunn, tangu moyo wako usimame ghafla jikoni hapa Bergen, na nyumba hii bado haijatulia. Eilif, mumeo, huhamisha viti bila sababu, hutoka nje, hurudi, hatuambii alikwenda kufanya nini.

Nawe hukuwa mtu wa kutulia. Pumu ilikubana tangu utotoni, kila chavua za miti zilipoanza kupeperuka, ukaamua kwenda kuisomea, ukawa mtafiti wa maabara. Huku ukitafuna mkate wako wa samaki wa kopo, makreli, ulituambia kwamba uvimbe wa njia za hewa kifuani haupoi wenyewe kwa kuchoka. Mwili hutengeneza vitu vyake vya kuuzima, tena kutokana na mafuta ya samaki. Mbona kwa wengine vinapungua? Swali hilo lilikukosesha usingizi. Jirani alipotaka kutupa pampu yake ya dawa ya pumu anywe mafuta ya samaki tu, ulimjia juu: "Mafuta ni mbao, bwana wee! Kiti chenyewe umekiona wapi? Pampu ibaki mfukoni!"

Siku uliyobanwa vibaya, dawa ilipokuingia tu, ulidai uletewe mrija wa baridi wa maabara yenu, ule wa kunasa pumzi. Ukapuliza, pumzi ikaganda matone. Ulipopona ukapuliza tena, ili vitu vile vya kuzima uvimbe vilinganishwe. Matone hayo bado yamo kwenye friza ya wenzako, na kuyapima ni kuyamaliza. Wakatuomba ruhusa.

Eilif alikataa katakata. "Ile ni pumzi ya mke wangu, si maji ya bomba."

"Sasa uifanyie nini, baba?" Ingvild, binti yenu, akamuuliza. "Uiweke jikoni karibu na siagi?"

"Ikae tu. Ikae hapo ilipo."

Tulinuniana majira yote ya baridi. Kisha Sunniva, mjukuu wako aliyerithi kifua chako, akabanwa. Alipokwisha kuvuta pampu akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Babu, bibi angekufokea, unajua?"

Eilif akacheka, akalia, akapiga simu maabara.

Wanayayeyusha leo asubuhi. Huenda wasikute kitu. Tunaogopa, wala hatuoni haya kusema. Eilif ameshatangulia kusimama mlangoni kwao.

Tunaokukumbuka ni mumeo Eilif, binti yako Ingvild na mumewe Asbjørn, mjukuu wako Sunniva, na dada yako Gudny aliyeko Tromsø. Ikifika jioni hakutakuwa na tone lako lililobaki popote. Kukukumbuka hakutaisha.