Majibu Bado

3 Machi

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na Mama hajambo. Mimi mzima, ila pua yangu imekoma.

Damu ya kondoo imefika salama na dereva wa basi, asante. Umeuliza naifanyia nini. Basi nakueleza, ila usisome ukiwa unakula. Tunaichanganya na ute unaoganda, tunaimwaga kwenye visahani, kisha tunapanda juu yake bakteria waliotoka kwenye majipu ya watu. Kesho yake kila kidoa cha bakteria kimezungukwa na duara ambamo damu imeisha kabisa. Wanatema sumu inayopasua chembe za damu. Kazi yangu ni kuikamua hiyo sumu, kuisafisha na kupima nguvu zake.

Mkali kuliko wote tunamwita Kumi na Saba. Dawa za kawaida anazichekea, na ananuka kama soksi zilizolowa wiki nzima. Ukitia tone la sumu yake kwenye kichupa cha damu, ule wekundu mzito unageuka maji mepesi, unaona hadi upande wa pili. Mara ya kwanza nilikimbilia chooni.

Nakurudishia chupa na zile gololi zako za kutikisia damu isigande. Nimezisuuza.

Ni mimi binti yako


10 Machi

Mwanangu, mama,

Salamu nyingi. Nyumbani wazima na kifua kimenyamaza. Barua yako imenichekesha mpaka mteja akadhani nampunja. Mimi nachinja, naosha matumbo, kinyaa sikijui. Wewe msomi mzima unakimbilia chooni kwa tone moja!

Ila gololi hukuzisuuza vizuri, mama. Zilikuwa na utelezi, nikazisugua kwa kiganja kama kawaida yangu. Asubuhi hiyohiyo mfupa ulikuwa umenichana kidole gumba. Sasa kimevimba, kinatoa usaha wa kijani, na kinanuka mpaka wateja wanaitazama nyama yangu kwa jicho baya.

Daktari wa zahanati amenipa vidonge. Amenipa na hiki kichupa chenye pamba ya usaha, akasema kiende maabara. Nikamwambia maabara ninayo, nimeizaa mwenyewe. Namba yake ya simu ameibandika kwenye kichupa, pamoja na jina la vidonge. Ukishaona ni mdudu gani, mpigie siku hiyohiyo, maana kama vidonge hivi sivyo, mkono utaharibika.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole sana na kidole. Majibu bado. Endelea na vidonge vya daktari na unywe maji mengi. Nina haraka kidogo, mkuu wa maabara anakagua leo. Msalimie Mama.

Binti yako


16 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nashindwa hata kukujulia hali kama mtu. Mkono ukoje?

Nilikudanganya. Nilipokuandikia majibu bado, sahani ilikuwa mbele yangu. Duara lilikuwa pana vilevile ninavyolijua. Nikaweka kipande cha vidonge ulivyopewa, mdudu akaota mpaka juu yake. Ni Kumi na Saba, Baba, na ametoka kwangu. Gololi zetu za kazini zilipungua, nikachukua zako kusagia bakteria. Halafu nikazipitisha kwenye maji ya bomba badala ya kuzipika kwenye mtungi wa mvuke, kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi nje.

Ikijulikana, nafukuzwa. Hicho ndicho nilichokiwaza kwanza, kabla ya mkono wako. Siku nne nainua simu, naiweka. Nanawa mikono mpaka ngozi inauma, na bado najisikia kichefuchefu. Safari hii harufu haihusiki. Najionea kinyaa mwenyewe.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika sindano inayomweza. Mpelekee daktari leo. Usingoje hata chai.

Mwanao


21 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo sina nafasi ya salamu.

Walinikata mkono tarehe kumi na tano, juu kidogo ya kifundo. Barua yako ikafika siku mbili baadaye. Karatasi nimempa daktari, akanichoma hiyo sindano, na homa imeshuka. Anasema ilikuwa kabatini kwake muda wote. Ya kazini kwenu utayamaliza mwenyewe.

Nimeosha matumbo ya ng'ombe miaka thelathini. Nimeshika vitu ambavyo hata mbwa wangevikimbia, na chakula changu nikala. Nimetapika juzi, nikiwa na barua zako mbili mapajani. Gololi nimekusamehe, kila mtu ana siku yake ya haraka. Lakini uliiona sahani, ukajua, ukakaa chini ukaniandikia ninywe maji mengi. Na mimi nikayanywa. Nilikuwa najisifia kwa wagonjwa wenzangu kwamba binti yangu ndiye anayenitibu.

Duka nimelifunga. Kisu sikiwezi kwa kushoto.

Mama yako anajua ni mfupa tu ulionichana. Ananilisha kwa kijiko na kulaani mifupa. Sitamwambia mengine. Utakuja wewe, ukae naye jikoni, umwambie kwa mdomo wako. Usimwandikie.

Baba yako