Absinthi Haikusema Neno

Mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Huku tu wazima. Paka wako amezalia ndani ya kabati la Mama, nami sina moyo wa kumtoa.

Jana mchana baa ya hoteli ilikuwa tupu, nikajimiminia absinthi, ile pombe ya kijani niliyokunywa kwenye harusi yako. Nilidondosha maji baridi juu ya sukari kama ninavyowafanyia wageni, ikageuka nyeupe. Nikanywa glasi mbili, kama siku ile, nikausubiri huo wazimu ambao watu husema pombe hii huuleta. Haukuja. Ni chungu tu, inanukia dawa ya kikohozi.

Siku ile nilikusimanga mbele ya wakwe zako kwamba Mama alikufa akikuita nawe hukuja. Ukanitetea: “Si kaka huyo, ni pombe.” Nikajificha nyuma ya maneno yako hayo miaka mitatu. Sasa naelewa sifa mbaya ya pombe hii imetoka wapi: watu kama mimi tumeibebesha maneno yetu.

Mama alinituma nikupigie simu Jumatatu. Nilikuwa nimekununia, nikapiga Alhamisi, keshakata roho.

Kaka yako. Leo sijaonja hata tone.